Waya wa Panya

Sarwo alikufa Jumatano alfajiri, jembe begani, saruni ameikunja hadi magotini. Zamu yake ya maji ilikuwa ianze saa kumi na moja, na katika kitongoji chetu mtu asiyefika kwenye zamu yake ya maji asije akalia mpunga ukimkaukia. Akashika njia ya tuta la jaruba la jirani yetu Ngatiman, njia aliyoipita tangu hajaota ndevu. Kabla hajakanyaga alitupa jicho upande wa kibanda, kama tunavyofanya sote. Taa nyekundu haikuwaka. Akapiga hatua, na waya ukamshika.

Hebu niwaeleze habari ya hiyo taa, maana ndipo ulipolala ujinga wetu. Panya wa huku kwetu Java si panya wa kuchezea. Tuliweka sumu, wakala na kunenepa. Tukatega mitego, wakaizoea. Ndipo ukaingia ujanja wa waya: unauzungusha jaruba zima, shubiri moja kutoka ardhini, unauunga na umeme wa nyumbani, jioni unawasha, alfajiri unazima. Asubuhi unaokota panya kwa ndoo. Na ili watu wasife, tukapatana kila mwenye waya aweke taa nyekundu kibandani kwake. Ikiwaka, usisogee. Ikizima, pita. Wallahi tulijiona tuna akili. Hakuna aliyeuliza balbu ikiungua itakuwaje. Basi usiku ule balbu ya Ngatiman iliungua, na waya ukabaki na moto wake vilevile.

Tumini, mkewe Sarwo, alikuwa anachemsha maji ya kahawa Ngatiman alipoingia uani. Hana viatu, tope hadi kiunoni. Tumini akamwuliza kama amepishana na Sarwo huko njiani. Ngatiman alikaa chini palepale udongoni, mtu mzima wa miaka hamsini na sita, akashika kichwa kwa mikono miwili. Tumini akazima jiko kwanza. Mpaka leo hajui ni kwa nini alilikumbuka jiko. Kisha akakimbia.

Siku ya tatu jioni, dua ilipokwisha, mwenyekiti wa kitongoji Pak Darsono akatoa karatasi mfukoni. Ilikuwa imeshaandikwa, imeshapigwa muhuri, imebaki sahihi tu. Ilisema familia ya marehemu inaupokea msiba huu kama amri ya Mungu, haina dai kwa mtu yeyote, na mambo yamekwisha kindugu. Ngatiman alikuwa amekaa kwenye kona ya mkeka, kichwa kimemwangukia kifuani. Mkewe alikuwa ameleta mchele, majani ya chai na sukari kilo mbili. Wazee wakawa wanaitikiana kwamba siku za marehemu zilikuwa zimehesabiwa, kwamba hata angelala nyumbani kifo kingemfuata kitandani. Mwenyekiti akamsogezea Tumini kalamu.

Tumini akaitazama ile sukari, na mkono ukawa mzito. Mkeka wa namna ile aliujua. Aliwahi kuukalia upande wa pili.

Miaka miwili nyuma, mzee mmoja wa kitongoji cha ng'ambo ya mto, Mbah Karso, maana mzee wa kiume au wa kike kwetu huitwa Mbah, alikuwa akikata majani ya mbuzi wake alfajiri, akateleza akaangukia waya. Waya wa Sarwo. Taa siku hiyo ilikuwa inawaka, lakini mzee macho yake yalikuwa na ukungu. Siku ya tatu Sarwo na Tumini walikwenda kwa mjane, Mbah Karti, na mchele, majani ya chai na sukari. Tumini alilia hadi akashikwa na kwikwi. Mbah Karti, ambaye hajui kuandika, aliletewa kidau cha wino, akabonyeza kidole gumba kwenye karatasi kama hiyo, na Tumini akarudi nyumbani mwepesi kama mtu aliyetuliwa mzigo. Waya ulizimwa siku saba kwa heshima. Siku ya nane Sarwo akauwasha.

Sasa angeanzia wapi kukataa? Angesema nini mbele ya watu walewale waliomsindikiza siku ile? Akatia sahihi. Ngatiman akamshika mkono akaubusu, machozi yakamlowesha Tumini vidoleni, na watu wote wakashusha pumzi.

Siku saba zikapita, ya nane waya zikawashwa tena mashambani. Ngatiman aliweka balbu mpya.

Wiyono alikuwa amerudi kwa mazishi, na akabaki. Ni mtoto wa pekee wa Sarwo na Tumini, miaka ishirini na sita, alikuwa akishona viatu kiwandani mjini Semarang. Mkewe Lastri alikuwa na mimba ya miezi minne, na jaruba la baba lilikuwa na mpunga unaoanza kutoa masuke, wakati ambao panya huupenda kuliko wakati wowote. Siku chache kabla ya arobaini Wiyono alikwenda kuangalia shamba asubuhi, akarudi na mashina aliyoyaokota, yamekatwa mshazari kama kwa wembe. Akayalaza mezani. Jioni yake Tumini akamkuta uvunguni mwa ghala la mpunga, anavuta bunda la waya la baba yake.

Tumini akamwambia aurudishe. Wiyono akasema haiwezekani, panya wakipewa wiki mbili kitakachobaki ni majani ya kulisha ng'ombe. Mama akasema heri majani. Kijana akacheka kidogo, kicheko cha mtu aliyechoka, akauliza mtoto atakayezaliwa atakula majani?

"Mwanangu, umemzika baba yako juzi."

"Baba aliuawa na waya wa mwenzake, Mama, si wa kwake. Ngatiman alizembea. Mimi nitakuwa mwangalifu. Nitaweka taa mbili."

Neno hilo la kuwa mwangalifu lilimchoma Tumini kuliko yote. Kwani Ngatiman hakuwa mwangalifu? Mtu anayefunga banda la kuku kwa kufuli mbili? Na Sarwo je, aliyekuwa akikagua ule waya kila magharibi na kijiti mkononi? Tumini aliyasema hayo yote, akayarudia, akapandisha sauti, akashuka. Wiyono aliendelea kukunjua waya na kusugua kutu.

Asubuhi Tumini alivuka mto kwenda kwa Mbah Karti. Ukimwuliza alikuwa anaenda kutafuta nini, hakuwa na jibu. Miaka miwili alikuwa akiikwepa njia ile, na wakikutana sokoni alijitia anachagua vitunguu.

Mbah Karti alikuwa barazani anamenya muhogo. Hakuinuka. Alisema amesikia habari za Sarwo, pole. Akamsogezea kigoda kwa mguu. Tumini akakaa, akachukua kisu cha pili akaanza kumenya naye, kwa sababu hakujua mikono aiweke wapi. Wakamenya karibu nusu kikapu. Kisha Tumini akaanza kusema kwamba amekuja kuomba radhi, kwamba wakati ule hakuelewa, na yule mama akamkatiza.

"Radhi uliomba ukapewa. Ulilia sana, Tumini. Ulilia kuliko mimi. Nikaona huyu mwanamke atakufa mkekani kwangu, ngoja nibonyeze hiki kidole aende zake."

"Nakushukuru, Mbah."

"Usinishukuru. Mimi niliketi hapa nikingoja mje mng'oe ule waya. Siku ya kwanza nikasema bado wana majonzi. Wiki ikapita, nikauona umewaka, ile taa naiona kutoka hapa nilipokaa." Akatupa muhogo kikapuni. "Nilikusamehe. Ndilo kosa langu. Ningekukatalia siku ile, ningewapigia kelele hadi wilayani, mngeziondoa waya zote. Na mumeo angekuwa anapalilia saa hizi."

Tumini aliweka kisu chini. Alitaka kusema siyo hivyo, ni kadari, kila nafsi na siku yake, maneno yamejipanga mdomoni tayari maana alikwisha kuyasikia mara mia. Badala yake akainuka akaenda kutapika nyuma ya banda la mbuzi. Mbah Karti akamletea maji kwenye kata, akamshika mgongo.

Arobaini ya Sarwo iliangukia Jumapili. Kwetu arobaini ni ya wanaume: wao hukaa barazani wakasoma, wanawake huwa jikoni na masufuria. Tumini alipika wali wa manjano, kuku wa nazi, tempe ya soya ya kukaanga, akawafungia wageni sehemu zao za kwenda nazo nyumbani. Alipika vizuri siku ile, hata majirani walisema. Dua ilipomalizika na kabla ya sahani kuzungushwa, Pak Darsono akatoa maneno machache ya kuwapoza wafiwa, akasema tumshukuru Mungu aliyewapa ndugu hawa moyo wa kupokea amri yake. Ndipo Tumini akatokea kwenye mlango wa jikoni, mikono ina manjano bado.

Akasema anaomba ile karatasi. Mwenyekiti akadhani hakusikia vizuri. Tumini akarudia, akasema anaondoa jina lake.

"Bu Tumini," mwenyekiti akasema kwa upole, "leo si siku yake. Tumwache marehemu apumzike."

"Marehemu aliua mtu," Tumini akasema.

Mtu aliyekuwa akisogeza birika aliliacha hewani.

"Alimwua Mbah Karso wa ng'ambo, kwa waya wake, na mimi nilikwenda naye kupeleka sukari. Mnajua wote, mlikuwepo. Tukaandika kwamba ni Mungu. Na Sarwo naye tumeandika ni Mungu. Mungu hakuununua ule waya. Tuliununua sisi, sokoni, siku ya gulio, mimi nilimshikia ncha muuzaji akiupima. Mungu hakutuambia tuutie umeme kisha tulale usingizi tukiachia taa itulindie watu."

Akakumbusha kwamba mwaka uliopita alikuja mama mmoja wa zahanati, akakaa barazani pa mwenyekiti, akaeleza kuwa duniani kote watu wanaokufa kwa maji, kwa moto, kwa barabara, kwa kuanguka, kwa umeme, ni mamilioni kila mwaka, na walio wengi wangeweza kuwa hai kama mtu angefanya kitu kidogo mapema. Sisi, Tumini akasema, tulikunywa chai tukampigia makofi. Yeye mwenyewe alikuwa anagawa vikombe, hata hakumsikiliza vizuri. Sasa anawaomba, anawapigia magoti wakitaka, wazing'oe waya zote kabla ya Ijumaa.

Nami nisiwafiche, watu walikasirika. Kumtaja marehemu kwa ubaya kwenye arobaini yake mwenyewe ni jambo ambalo hata mlevi hafanyi. Wazee wawili waliondoka bila sehemu zao za chakula. Wiyono aliinuka taratibu, akaweka kofia yake mkekani, akapita mbele ya mama yake bila kumtazama. Ngatiman peke yake ndiye aliyelia, na hakujificha.

Kesho yake mchana Ngatiman akang'oa waya wake. Alikuja kumwambia Tumini, akasimama mbali, karibu na pipa la maji, akasema tu, "Nimeutoa wote." Kufika Ijumaa nyumba sita kati ya kumi na moja zenye waya zilikuwa zimeutoa. Jumapili wakatoka na mbwa, virungu na moshi wa salfa, mashimo yote ya kwenye matuta wakayafukia au kuyafurikisha, kazi ya jua kali ambayo babu zetu waliifanya kila msimu na sisi tulikuwa tumeiacha kwa uvivu. Ngatiman akagongomea masanduku ya bundi juu ya nguzo, bundi waje wakae na kuwala panya. Watu wakamcheka kwamba bundi hawana taarifa. Waliobaki na waya walisema wanangoja kuona.

Na mmoja wa waliobaki na waya alikuwa Wiyono. Aliuzungusha Jumatatu ileile baada ya arobaini, akaweka taa mbili kama alivyosema, akawasha. Tumini alimfuata shambani. Alimwambia kila kitu ambacho mama anaweza kumwambia mtoto. Alimwambia ile njia wanapita watoto wa shule, alimwambia Lastri naye huja kuleta chakula na tumbo lile. Kijana alikuwa anafunga waya kwenye kijiti, hakuinua uso.

"Umemwaibisha baba mbele ya watu, siku yake. Umeniachia sababu gani ya kukusikiliza?"

Tumini akarudi nyumbani. Siku mbili hakula. Jumatano akavaa kilemba chake cha kwenda mjini, akachukua cheti cha kifo cha mumewe na kitambulisho chake, akapanda gari kwenda ofisi ya umeme. Mita ya nyumba ilikuwa kwa jina la Sarwo. Aliwaambia yeye ni mjane wake, kwamba umeme wa nyumba ile unatumika kuua panya na utaua watu, wakaukate. Kijana wa dirishani akamwuliza ni nani anayeutumia hivyo. Tumini akataja jina. Akaulizwa ni nani yake. Akajibu ni mwanangu, na kijana yule akaacha kuandika kwanza akamtazama.

Walikuja Alhamisi na ngazi. Wakakata waya kwenye nguzo, wakang'oa mita ukutani, pakabaki alama nyeupe. Lastri alikuwa amekaa kitandani analia. Wiyono alikuja mbio kutoka shambani, akawakuta wanashuka. Hakugombana nao. Alimgeukia mama yake, midomo inamtetemeka kama alivyokuwa akifanya utotoni akinyimwa kitu, na Tumini akatamani kumshika, akajizuia.

"Umenichongea, Mama. Mimi."

"Ndiyo."

"Mwanangu akizaliwa nitamwambia bibi yake amekufa."

Tumini angeweza kuomba samahani, lakini hakujuta, na kumdanganya hakutaka.

Panya walikula. Ngatiman na wenzake walikuja kusaidia kwa moshi na virungu, lakini walikuwa wamechelewa kwa jaruba lile. Wiyono alivuna robo ya alichotarajia, akakipura peke yake, hakutaka msaada wa mtu. Wiki iliyofuata alimpakia Lastri na masanduku mawili kwenye gari, wakarudi Semarang. Lastri alitaka kumuaga mkwewe, akamtazama mumewe, akaacha. Tumini alisimama mlangoni hadi vumbi likatulia. Usiku nyumba ilikuwa giza, na hakuomba umeme urudishwe kwa muda mrefu, si kwa kukosa pesa, hapana. Hakutaka tu kuiona ile alama ya ukutani.

Kuanzia hapo Mbah Karti akawa anavuka mto kuja kwake, mara mbili tatu kwa wiki, na muhogo au bila muhogo. Watu walisema wajane wawili wa waya wamepata pa kulaani. Waache waseme. Mara nyingi walikuwa hata hawaongei. Siku moja mchana, wamekaa uani wanachambua choroko, simu ya Tumini ikalia. Ilikuwa Lastri, ananong'ona. Amejifungua, msichana, siku ya nne leo, ana nywele nyingi. Tumini akauliza jina, na kabla hajajibiwa akasikia sauti ya mtoto mchanga, ya karibu sana, Lastri alikuwa ameisogeza simu. Tumini akafumba macho. Halafu kukatokea kelele za mlango, na simu ikabadili mkono.

"Nani huyo?"

Tumini akasema, "Ni mimi, Wiyono. Usimkaripie, ni mimi niliyepiga."

Alimsikia akivuta pumzi. Kisha kijana akaanza. Alisema alikwisha kumkataza Lastri kuongea naye. Alisema hana haja naye, hana haja na dua zake wala vyakula vyake, amwache mtoto wake, amwache mkewe, akawasumbue wafu wake aliowazoea. Alisema usipige tena, na akarudia, kwa sauti ya juu kiasi kwamba Mbah Karti aliisikia kutoka alipokaa. Mtoto alikuwa analia nyuma yake. Simu ikakatika.

Mbah Karti akamwuliza alikuwa nani.

"Wiyono. Amenigombeza."

"Sana?"

"Sana. Nilidhani ataipasua simu."

Mbah Karti akachagua jiwe katikati ya choroko, akalitupa.

"Basi ni mzima," akasema.

"Ni mzima," Tumini akaitikia. "Ana nguvu kabisa." Akajifunika uso kwa kilemba chake akalia kwa sauti, hadi jirani akatoka kuuliza ni nani amekufa, na Mbah Karti akamjibu kwamba hakuna aliyekufa, arudi ndani.